Kopo Ambalo Mwizi Hataligusa Nawe Hutalitupa

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa na bangili nne za dhahabu alizovishwa siku ya ndoa yake. Hakuzipeleka benki wala hakuziweka kabatini. Alizifunga kwenye kipande cha kanga, akazitia ndani ya kopo kubwa la kahawa, juu yake akamwaga dengu, kisha kopo akalipandisha rafu ya juu jikoni, nyuma ya sufuria la pilau. Wezi waliingia nyumba ile mara mbili. Walichukua redio, mtungi wa gesi na nguo zilizokuwa kwenye kamba. Kopo hawakuligusa.

Alipofariki, baada ya arobaini tulikusanyika kusafisha nyumba. Mimi ndiye niliyepanda kigoda nikalishusha lile kopo. Nilifungua, nikaona dengu zimebunguliwa, unga wa wadudu umejaa hadi juu, nikalitumbukiza lilivyo kwenye kiroba cha taka. Gari la taka lilipita siku hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye binti yake alipoulizia bangili za mama, shoga wa marehemu akashika kichwa: "Si zilikuwa kwenye dengu?"

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya kopo lile. Mtu anayeficha vitu vyake vya thamani nyumbani humfikiria mwizi peke yake, na shangazi alimshinda mwizi mara mbili. Hakumfikiria mtu wa nyumbani mwenye ufagio. Kwa hiyo ukichagua chombo, jiulize maswali mawili kwa pamoja: je, mgeni asiyealikwa atakiruka? Na je, mtu wangu mwenyewe, siku ya usafi, atakiacha?

Tuanze na huyo mgeni. Kibaka anayevunja kitasa mchana hana saa nzima ya kukaa kwako. Anajua jirani anaweza kutokea wakati wowote, hivyo anakwenda moja kwa moja pale ambapo watu wengi huweka vitu: chumbani, chini ya godoro, ndani ya foronya, mfukoni mwa koti lililoning'inia, droo ya meza ya kujipambia, mkoba wa mama, sanduku la safari juu ya kabati. Kibubu cha mbao akikiona hukibeba kama kilivyo. Friji nalo limekwisha zoeleka. Pesa ndani ya mfuko wa nyama iliyoganda ni siri ya watu wote. Chumba cha kulala kiondoe kabisa kwenye mahesabu yako.

Kuna kosa jingine ambalo miongozo ya nchi za mbali hailigusi, nalo hapa kwetu ni kubwa. Usifiche kitu ndani ya kitu kinachoibika. Kopo la maziwa ya unga lililojaa lina bei. Dumu la mafuta ya kula lina bei. Mfuko wa sukari, pakiti ya sabuni ya unga, chupa ya manukato, boksi la viatu vipya, spika ndogo ya redio: vyote hivi mwizi atavichukua kwa thamani yake mwenyewe, na dhahabu yako itaondoka humo bila yeye kujua. Hata kuficha chini ya mtungi wa gesi ni kumsogezea, maana mtungi ndio wa kwanza kunyanyuliwa. Chombo chako kinatakiwa kiwe kitu ambacho hata ukikiacha barazani usiku, asubuhi utakikuta.

Wazee wa pwani waliijua kazi hii. Kasha la Zanzibar, lile la mbao lililopigiwa misumari ya shaba, mara nyingi lina kisanduku kidogo ndani, upande mmoja. Ubao wake ukiupandisha kwa namna yake, nyuma yake hutokea droo ndogo zisizoonekana. Ni ufundi wa kupendeza, na nimepata kukaa mbele ya kasha moja nikivuta na kusukuma hadi likanifungukia. Lakini leo muuza vitu vya kale yeyote wa Mji Mkongwe hupeleka mkono hapo kabla hajasalimia. Siri ikishakuwa desturi, haifichi tena. Hilo ndilo tatizo la yale makopo bandia yanayouzwa mtandaoni pia, yenye sura ya kopo la soda au krimu ya kunyolea na kitako cha kuzungusha. Mengi yana nembo za bidhaa ambazo duka la mtaani kwako halijawahi kuziuza. Kopo la supu kutoka Marekani ndani ya jiko la Mbagala linaita macho yote. Tengeneza chako kutokana na vitu ambavyo nyumba yako inavyo tayari.

Nitakueleza kwa urefu kimoja ninachokiamini kuliko vyote: kopo la rangi ya mafuta la lita moja.

Karibu kila nyumba ina kopo la rangi lililobaki, limekaa stoo au chini ya ngazi na brashi iliyokauka. Haliibiwi, kwa sababu rangi iliyofunguliwa haina mnunuzi. Na watu husita kulitupa, kwa sababu "tutalihitaji geti likichubuka." Chukua kopo ambalo rangi yake imekwisha kweli. Liache wazi mahali penye hewa na mbali na moto, kwa siku kadhaa, hadi mabaki yakauke na harufu ipungue. Mvuke wa rangi ya mafuta unashika moto, usilianike jikoni. Angalia ndani kama kuna kutu. Ikiwa ipo, tafuta jingine, kwani hewa ya pwani itaimalizia kazi hiyo.

Pete, herini na mikufu vifunge kila kimoja peke yake kwenye kitambaa laini cha pamba, ili visikwaruzane na visilie. Viweke ndani ya kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kichupa kiingie ndani ya kopo. Sasa shughulika na uzito. Kopo la rangi la lita moja likiwa limejaa huzidi kilo moja, na mkono wa mtu unaijua tofauti kabla akili haijafikiri. Jaza pembeni mchanga mkavu uliofungwa kwenye mifuko midogo, hadi kopo liwe zito kama lililobakiwa na nusu ya rangi. Litikise karibu na sikio. Likitoa mlio wowote, ongeza kitambaa.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mimina rangi kidogo kutoka kopo jingine kwenye karatasi ya nailoni, iwe duara lenye upana wa mdomo wa kopo, iache ikauke hadi iwe utando mgumu, ibandue, uilaze juu ya mchanga. Atakayefungua kwa bisibisi ataona rangi iliyoganda, atafunga. Juu ya kifuniko dondoshea rangi, na ubavuni andika kwa kalamu nene: "Geti, imebaki." Maneno hayo mawili ni mlinzi. Yanampa kila mtu wa nyumbani sababu ya kuliacha kopo lilipo, bila kuandika "usitupe," neno ambalo lingemfanya mtu ajiulize kwa nini. Liweke pamoja na makopo mengine, vumbi liwe sawa kwa yote. Kopo safi katikati ya makopo yenye vumbi linajitangaza.

Waliopanga chumba kimoja, wasio na stoo, watafute kitu cha namna hiyohiyo: kinachochosha macho na chenye sababu ya kuwepo. Kopo la misumari iliyopinda na vipande vya waya. Pasi ya mkaa ya bibi iliyobaki kama kumbukumbu, maadamu hakuna anayeitumia na haina dalili ya kuuzwa kama chuma chakavu. Kopo la bluu la biskuti lenye nyuzi, sindano na vifungo linafaa pia, kwa sharti kwamba ndani mwake kweli kuna nyuzi na vifungo, na kilicho cha thamani kimeshonewa kwenye kimto cha kuchomekea sindano. Pindo la pazia zito nalo ni mahali pazuri pa pete moja au mbili: shona kimfuko kidogo upande wa ukutani, ukikumbuka kwamba pazia hufuliwa. Mto wa sufi sikushauri. Mito huazimwa wageni.

Nguo kuukuu ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Wafanyabiashara wanaopita mitaani na mabeseni ya plastiki wakibadilishana na nguo, wale ambao Wakenya wengi huwaita "mali mali," wanaweza kuondoka na koti lililoshonewa noti kwenye bitana, na wao wenyewe wasijue. Chupa tupu za plastiki nazo siku hizi zina waokotaji wake. Kichupa cha shampuu ulichokiweka bafuni kama maficho, mtoto anaweza kukiuza kwa shilingi chache. Kabla hujachagua chombo, simama dirishani wiki moja uangalie ni nini kinachonunuliwa mtaani kwako.

Baadhi ya maficho yanadhuru watu, na hayo yaache hata kama ni mazuri. Soketi bandia ukutani inakaribisha vidole vya mtoto kwenye soketi ya kweli. Chupa ya dawa ya panya au ya kuulia wadudu huacha sumu mkononi kila unapoishika. Vidonge vya kweli visichanganywe na herini. Tangi la maji la choo halimdhuru mtu, ila huvuja, na siku linapovuja fundi ndiye atakayefungua.

Sasa tazama ni kitu gani unachokificha, kwa sababu kila mali ina adui yake. Dhahabu ni mpole: haili kutu, haiogopi mchele wala mafuta. Ila ni nzito kupita inavyoonekana. Uzito wake ni zaidi ya mara 19 ya ule wa maji. Gramu 100 za dhahabu ukiziyeyusha zingejaa kijiko cha chai tu. Ndiyo maana kopo jepesi lenye mkufu chini huyumba mkononi. Jiki na dawa nyingine zenye klorini huharibu dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, kwa hiyo kopo la sabuni za usafi halifai. Fedha huwa nyeusi ikikaa karibu na raba, vitunguu au mayai. Lulu hukauka ikifungiwa muda mrefu, na siki au ndimu huila. Tanzanaiti, ambayo watu wengi wa Arusha na Manyara wameihifadhi tangu ilipoanza kuchimbwa Mererani mwaka 1967, hupasuka kwa kugongwa au kwa joto kubadilika ghafla. Iweke mbali na jiko na mbali na friji. Chumvi hunyonya maji hewani, na sarafu au cheni ya fedha ikikaa ndani yake miezi michache Dar es Salaam, utaikuta imeliwa.

Noti ni habari nyingine, na hapa nitasema bila kuzunguka: usifiche pesa nyingi nyumbani. Weka za dharura, za kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku mtandao wa simu ukiwa haupatikani, basi. Mchwa hula noti kama wanavyokula boriti. Ukizifunga kwenye nailoni bila kifuko cha kunyonya unyevu, zinaota ukungu. Na noti huisha muda. Kenya ilitangaza Juni 1, 2019 kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma Septemba 30 mwaka huohuo. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za zamani, zikiwemo zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003. Mtu aliyekuwa amezika kopo uani akalisahau, alibaki na karatasi. Ukiweka noti, kila baada ya miezi mitatu zitoe, zitumie, weka nyingine.

Hati ya kiwanja, pasipoti na vyeti visihesabiwe humu. Karatasi ya ukubwa ule haiingii kwenye kopo bila kukunjwa, na mwizi wa kawaida haihitaji. Adui yake ni maji na moto. Itie kwenye bahasha ya plastiki, ipige picha, na nakala ikae nyumba nyingine.

Ugawe mali yako mahali pawili, au patatu ukizidisha. Ukiweka vyote kwenye kopo moja, likipotea vimepotea vyote. Lakini ukifikisha sehemu tano, wewe mwenyewe utazisahau. Na acha pochi yenye kiasi kidogo cha pesa kwenye droo ya kawaida. Kibaka akiipata, mara nyingi huona ameshapata, akaondoka. Pochi hiyo ina kazi nyingine nzito zaidi. Maficho haya yote ni kwa ajili ya mwizi anayekuja nyumba ikiwa tupu. Wakikuvamia watu wenye mapanga na wewe umo ndani, wape pochi hiyo na chochote wanachotaka. Usimfanye mtoto wako aangalie ukibishania bangili.

Kabla hujafunga kopo, nenda kwa sonara unayemwamini, akupimie kila kipande. Soma muhuri wake: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21 inayopendwa nchi za Ghuba, 750 ni karati 18. Piga picha kila kipande juu ya karatasi nyeupe, pembeni weka rula. Andika gramu. Karatasi hiyo itakusaidia polisi ukiibiwa, itawasaidia warithi, na Waislamu itawasaidia kwenye zaka, maana dhahabu iliyofika takriban gramu 85 ikakaa mwaka huingia kwenye hesabu, ingawa wanazuoni wamehitilafiana juu ya mapambo ya kuvaa. Orodha isikae pamoja na kopo. Na picha zisikae kwenye simu ambayo watoto huchezea michezo, wala zisipite kwenye kundi lolote la familia.

Zipo siku ambazo maficho ya mwaka mzima hayafai kitu. Msiba ukitokea nyumbani, jiko linachukuliwa na majirani. Kila kopo litafunguliwa kutafutwa iliki, na watu wema kabisa watahamisha vitu wasivyojua. Harusi ni hivyohivyo, na vilevile usafi wa kuelekea Idi au Krismasi, na siku fundi umeme anapoingia stoo. Ukipata fununu ya lolote katika hayo, lichukue kopo kwanza, ulipeleke kwa ndugu au ulifungie kwenye gari. Ukihama nyumba, kopo lisipande lori pamoja na mizigo. Likae mapajani mwako.

Dada wa kazi nimtaje kwa heshima. Watu wengi humficha yeye kuliko wanavyomficha mwizi, na kitu kikikosekana humshuku yeye kwanza. Ukiweka dhahabu kwenye chombo anachokishika kila siku, mchele, unga, kapu la nguo chafu, umembebesha mzigo ambao hakuuomba. Atakutana nayo, ataogopa kusema na ataogopa kunyamaza. Chagua chombo ambacho kazi zake hazimfikishi. Na kipande kikipotea, tafuta mara tatu kabla hujafungua mdomo.

Limebaki la mwisho, ambalo shangazi hakulifanya ipasavyo. Mtu wa pili lazima ajue, naye awe yule atakayekuwepo siku ya kusafisha nyumba yako. Shoga yake alijua, lakini alikuwa kwake, hakuitwa. Vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, vilitambua jambo hili zamani: sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, ili asiwepo mmoja anayebeba kila kitu kichwani mwake. Wewe huhitaji watatu. Chagua mmoja: mwenzi wako, binti mkubwa, dada. Ukiona huna wa kumwambia, andika wosia. RITA Tanzania, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia, na ndani yake unaweza kutaja mahali.

Kumwambia kwa maneno hakutoshi. "Ipo kwenye kopo la stoo" ni maneno yanayosahaulika ndani ya mwaka, na makopo ya stoo huwa sita. Mwite jioni mkiwa wawili tu, mpe bisibisi, ukae pembeni. Alishushe kopo mwenyewe, aubandue utando wa rangi, atoe mchanga, afungue kichupa, ahesabu vipande mkononi mwake mbele ya ile orodha. Kisha arudishe kila kitu kilivyokuwa, afunge, alirudishe kwenye vumbi lake. Na mwandamo wa mwezi ujao, mwulize liko wapi.